Bamvua likifika narudia dhambi ileile: je, toba yangu bado inapokelewa?

SWALI: Shikamoo Padri. Nina miaka 34, kwetu ni Muheza, waliko mke wangu na watoto, na ninafanya kazi ya stoo katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki hapa Unguja. Mimi ndiye ninayepokea pweza na samaki kutoka kwa wanakijiji. Huu ni mwaka wa tatu mizani yangu haisemi kweli. Kilo 10 inasoma 9. Mwenye pweza namlipa 9, kitabuni naandika 10, ile ya juu naitia mfukoni. Nimetubu mara nyingi. Nimefunga, nimekesha, nimelia mbele ya madhabahu. Bamvua likifika, yaani siku za maji makubwa ya kujaa na kupwa, pweza wakawa wengi, narudi palepale. Kibaya zaidi ni kwamba najua ninachofanya. Usiku wa kuamkia bamvua napiga hesabu ya nitakachopata, na moyoni najiambia Jumapili nitatubu. Mchungaji mmoja aliniombea akasema nina pepo la wizi. Mwezi wa nne sasa, tangu niliposoma Waebrania 10:26, sijaikaribia Meza ya Bwana. Je, mlango umeshafungwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlango haujafungwa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mtu aliyekaa miezi minne nje ya Meza ya Bwana hawezi kusikia la pili kabla ya kulipata la kwanza. Sasa vuta pumzi, twende taratibu, kwa kuwa nina mengine ya kukwambia ambayo hayatakuwa mepesi.

Aya iliyokutisha inasema: "Maana, kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Najua ni neno gani lililokuchoma. Ni hilo "kusudi". Lakini isome aya ikiwa kwao, pamoja na majirani zake. Aya ya 25 inawataja watu walioanza kuacha kukusanyika na wenzao. Aya ya 29 inamtaja mtu aliyemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo. Waraka huu waliandikiwa Wakristo waliokuwa wakiteswa, na baadhi yao walianza kufikiri kwamba Kristo wanaweza kumwacha, wakarudi kwenye dhabihu za zamani na mambo yakawa salama. Mwandishi anawaambia: mkimwacha huyu, hakuna dhabihu nyingine popote mtakayoikuta ikiwangoja. Na katika Kigiriki kitendo chenyewe kimewekwa kwa namna ya kuendelea: mtu anayeishika njia hiyo na kukaa humo. Hakusema kwamba damu ya Kristo inamwishia mtu anayeirudia akilia.

Lakini sitaki uifunge Biblia hapo ukalala usingizi mzuri. Onyo lile liliandikwa kwa watu waliokuwa bado ndani ya kanisa, na wewe umo. Mtu anayepanga dhambi usiku na kuipangia toba yake siku hiyohiyo ameanza kuitumia damu ya Kristo kama sabuni ya jikoni. Akikaa hivyo miaka, moyo unaota sugu, na siku moja hatauliza tena kama mlango umefungwa, maana hatakuwa na haja ya kuingia. Wewe bado unauliza. Hofu uliyonayo ishukuru, kisha itumie.

Watu hudhani Maandiko yanawajua tu wenye dhambi za kuteleza. Mtazame Daudi. Jambo lake na mke wa Uria halikuwa la kuteleza. Alitazama, akauliza habari zake, akatuma watu. Alipoona mambo yanataka kufichuka, alimwita mume, akamlewesha, na mwisho akaandika waraka wa kumuua, Uria mwenyewe akaubeba mkononi mwake (2 Samweli 11). Hakuna dhambi ya kusudi kuliko hiyo. Katika torati hapakuwa na mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya jambo la namna ile, na Daudi alilijua, ndiyo maana katika Zaburi ya 51 anasema: "Maana hupendezwi na dhabihu, au ningeitoa." Alikuja mikono mitupu. Nathani akamjibu: "BWANA naye ameiondoa dhambi yako; hutakufa." Na Petro, kati ya kumkana Bwana mara ya pili na ya tatu, Luka anasema ilipita yapata saa moja. Saa nzima ya kufikiri, kuota moto na kuondoka, naye akabaki. Lakini kabla hajafika huko, Bwana alikuwa ameshamwombea.

Haya. Mlango uko wazi. Kwa nini basi umeupita mara ishirini na kila mara unajikuta umerudi nje?

Nataka uje nami sehemu mbili za kisiwa chetu. Ya kwanza unaijua, ni Mkunazini, pale Mji Mkongwe. Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba, na soko la watumwa likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wetu sisi Waanglikana, akausimamia ujenzi. Ukienda leo mpaka mbele, karibu na madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na nyekundu. Ndipo, kwa mapokeo yetu, uliposimama mti waliochapiwa watumwa. Nimesimama pale mara nyingi, na kila mara nashindwa kukanyaga.

Sehemu ya pili ni Mangapwani. Unashika njia ya Bububu kwenda kaskazini, kisha unaingia upande wa pwani. Pale kuna shimo refu limechongwa ndani ya jiwe la matumbawe, lina vyumba viwili na ngazi ya kushukia, na juu limeezekwa paa zito. Ukishuka kuna joto na harufu ya jiwe bichi. Humo walifichwa watu baada ya soko kufungwa. Soko la mchana lilikwisha, lakini mwenye biashara hakukubali kwamba biashara imekwisha. Alichimba chumba, majahazi yakaja usiku.

Nakuomba unielewe vizuri. Wewe umezoea kujiita mtumwa wa dhambi, na Paulo analitumia neno hilo katika Warumi 6. Lakini waliofungiwa Mangapwani walidhulumiwa, hawakuchagua kitu. Katika jambo la mizani, wewe hukai upande wao. Wewe ni yule aliyechimba chumba. Kila unapotubu, soko linafungwa kweli, machozi ni ya kweli, sina shaka nayo. Ila chumba cha chini unakiacha na paa lake, na bamvua likija kinakungoja kikiwa tayari.

Chumba chako ni kitu gani? Ni ile skrubu ndogo ya mizani. Umeikaza mshale ukakaa nyuma ya sifuri, na tangu siku ile hujawahi kuirudisha. Jumapili unalia, Jumatatu mizani inaning'inia kwenye ndoano ileile ikiwa bado inadanganya, hata kabla hujaigusa. Umetubia kitendo, chombo chake umekitunza. Chumba ni lile daftari la pili pia, kama unalo, na nadhani unalo, maana mtu anayepiga hesabu usiku huwa na pa kuandika. Na ni lile neno "Jumapili nitatubu", ambalo ndilo paa la chumba chote. Paulo amelisema katika Warumi 13:14: "Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Kuuangalia mwili ni kuuwekea akiba, kuupangia, kuutengenezea njia. Dhambi ya kusudi haiishi kwa nguvu zake tu. Inaishi kwa matayarisho yetu.

Kuhusu pepo, nitasema kifupi. Naamini shetani yupo na ninawaombea watu. Lakini pepo likiambiwa limetoka na skrubu ikabaki pale ilipo, hakuna kilichotoka. Na nimeona ubaya wa maombi ya namna hiyo: mtu akishaambiwa ni pepo, kosa linakuwa la mwingine. Daudi alisema "nimemfanyia BWANA dhambi". Hakumtaja mwingine.

Kwa hiyo anza na bisibisi. Usingoje Jumapili, usingoje kufunga siku tatu. Ukimaliza kusoma barua hii nenda stoo, tundika mizani tupu, rudisha mshale kwenye sifuri, kisha weka juu yake kitu unachokijua uzito wake, mfuko wa sukari wa kilo 5 ambao haujafunguliwa, uone inasoma nini. Piga goti mbele ya mizani hiyo kama unaweza kupata dakika moja peke yako. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza" (Mithali 11:1). Halafu itundike nje, mahali mwenye pweza anaposimama, uso wake ukimwelekea yeye. Asome mwenyewe. Hilo ni bora kuliko maazimio mia, kwa sababu siku utakayochoka kuwa mwema, macho ya yule mama yatakuwa pale.

La pili, dhambi yako ina kalenda, na wengi hawana bahati hiyo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Unazijua siku hizo kuliko mimi. Maji yanakupwa mbali, akina mama wanashuka mwambani, ndoo zinajaa, na wewe moyo unaanza kwenda mbio tangu jana yake. Basi usiku ule wa hesabu usiukae peke yako. Mtafute mtu. Nitarudi kwa huyo mtu sasa hivi. Mwambie: usiku wa kuamkia bamvua nipigie simu saa mbili, na siku ya tatu niulize mizani ilisoma nini. Siku za maji mafu, bamvua likishapita, utajiona umepona. Usijisifu siku hizo.

Mtu mwenyewe ni nani? Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na Mithali 28:13 inasema: "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Umeungama kwa Mungu, na 1 Yohana 1:9 ni kweli: ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Lakini Yakobo anatuagiza tuungame sisi kwa sisi pia, tuombeane, tupone. Sisi wa dayosisi hii tumerithi desturi ya kuungama mbele ya padri, na wengi wanaiona kama kitu cha zamani. Mimi nimekaa upande wote wa mbele na wa nyuma wa kiti kile. Siku niliyotamka kwa sauti jambo nililolificha miaka sita, niliposikia masikio ya mtu mwingine yamelipokea na mtu huyo hakuinuka kuondoka, lilipungua nusu ya nguvu zake palepale. Dhambi ya siri hunona gizani. Nenda kwa padri wako wiki hii. Taja mizani, taja miaka, taja lile neno la Jumapili. Usiseme "nimekuwa na udhaifu katika mambo ya fedha". Hilo si ungamo.

Sasa nafika pale ambapo nadhani hukuuliza kwa sababu unaogopa jibu. Barua yako ina machozi yako, kufunga kwako, hofu yako. Mwenye pweza ametajwa mara moja tu, na hana uso.

Nimewaona hao akina mama. Amevaa kanga mbili, maji yamefika magotini, mkononi ana mti wa kuchokolea, anainama kwenye kila tundu la jiwe kwa saa tatu, nne, mbio mbio kabla maji hayajajaa. Akikamata, ampige pweza mpaka alainike. Halafu atembee na ndoo mpaka nyuma ya hoteli yako, akusalimie, akwambie "pima baba". Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, kwa wizi pia. Tuseme ni kilo 2 tu kwa siku, siku 10 tu za bamvua kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilo 240. Kwa miaka mitatu ni kilo 720. Hoteli imepata pweza wake wote; kilo hizo zimetoka kwenye ndoo za wale akina mama. Na hoteli nayo umeiandikia kitabu cha uongo.

Nina jirani yangu, mzee wa Kiislamu, tunakaa barazani jioni. Siku moja tukizungumza habari ya toba akaniambia: kwetu sisi ukimkosea Mungu unaacha, unajuta, unaazimia kutorudi, lakini ukiwa umechukua haki ya mja mwenzio, kuna la nne, umrudishie. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua kwamba katika makanisa yetu mengi la nne tumelisahau, wakati limeandikwa kwetu waziwazi. Fungua Mambo ya Walawi 6. Mtu aliyemdhulumu mwenzake na kumdanganya, kosa la kusudi kabisa, anaambiwa arudishe yote na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe, ndipo alete sadaka ya hatia. Umeona? Kwa dhambi yako hasa, hata torati ilikuwa na mlango, ila mlango huo ulipitia kwa mtu aliyeibiwa. Zakayo hakusubiri kuambiwa. Alisimama akasema: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Na Bwana wetu katika Mathayo 5 anasema iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Kama umekuwa ukitoa fungu la kumi katika pesa za pweza, acha. Hizo si zako za kutoa.

Kwa kipimo cha Walawi, 720 na sehemu yake ya tano, 144, ni kilo 864. Huna pesa hizo leo, najua. Hutalipa kwa mwezi. Lakini unawajua akina mama hao kwa majina, na wengi bado wanakuja mlangoni pako. Anza na mmoja. Mwambie ukweli, mpe ulichonacho, mpangie kilichobaki. Wengine watakutukana. Mwingine atakusamehe papo hapo na utatamani angekutukana. Usirudishe kimyakimya kwa kuongeza kilo wakati mizani haionwi na mtu. Huko ni kuchimba chumba kingine, hata kama ni cha wema.

Mwajiri naye itabidi aambiwe. Hapa sitakudanganya: unaweza kupoteza kazi, na linaweza kufika mbali zaidi ya kazi. Ndiyo maana nasema usiende peke yako na usiende kwa pupa. Kwanza mke wako ajue, kwa kuwa mzigo huu utamwangukia yeye na watoto Muheza, na hastahili kuusikia kwa watu. Kisha uende na padri wako au mzee wa kanisa mwenye busara, na ikiwezekana mkaongee kwanza na mtu anayejua sheria. Lakini uende. Mimi nimeombwa mara kadhaa niseme kwamba hilo la mwajiri si lazima, na nimejaribu kuona kama naweza kulisema kwa dhamiri safi. Siwezi. Kitabu kile kinasema uongo kwa mwandiko wako kila siku kinapokaa kabatini.

Utaniuliza: nikianguka tena je? Kuanguka na kuchimba ni vitu viwili. Mtu aliyevunja chumba anaweza kujikwaa. Anainuka siku hiyohiyo, anasema kwa yule mtu wake, anarudisha kabla jua halijazama. Luka 17 inataja mara saba kwa siku, na kama Bwana ametuagiza sisi kusamehe hivyo, yeye hatatusamehe pungufu. Unachokatazwa ni kupanga. Na usiogope kwamba haya yote ni matendo yanayochukua nafasi ya neema. Tito 2 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Bisibisi utakayoishika ni neema. Aibu utakayoibeba mpaka kwa yule mama ni neema, ingawa siku hiyo haitakuwa na ladha ya neema mdomoni.

Katika Waefeso 4:28 Paulo anamwandikia mtu kama wewe: mwibaji asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake, "apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji". Ona anakompeleka. Hamwachi kwenye kutoiba. Anamtaka awe mtoaji. Nakuwazia hivyo, kwamba siku moja mama mmoja wa mwambani atakuwa na shida ya kweli na wewe ndiye utakayekuwa na kitu.

Kuhusu Meza ya Bwana: ukishaungama na ukishairudisha mizani kwenye sifuri, rudi. Usingoje mpaka umalize kilo 864, maana nguvu ya kuzimaliza utaipata hapo mezani. Mwezi utaandama siku chache zijazo, nami nitakuwa nakuombea kuanzia usiku ule wa hesabu. Ukisha kuirekebisha mizani niandikie mstari mmoja tu, uniambie ule mfuko wa sukari ulisoma ngapi.